Megapikseli si kipimo cha kamera: dhana potofu ninazozisikia kila siku

Mteja akifika mezani kwangu na kamera ndogo ya mkononi, iwe mpya ndani ya boksi au mtumba alioletewa na shemeji aliye Ulaya, swali la kwanza ni lile lile: "Fundi, hii ina megapikseli ngapi?" Nikimjibu 10, uso unamshuka. Nikimjibu 20, anatabasamu. Hajaiwasha, hajatazama lenzi, hajapiga hata picha moja, lakini uamuzi ameshaufanya. Natengeneza na kuuza kamera hapa Kariakoo, na nimechoka kuona watu wakitoa hela yao ya halali kwa ajili ya namba iliyobandikwa kwenye boksi. Leo hii dhana nitaieleza mpaka mwisho, zile nyingine nitazipitia haraka.

Dhana: Megapikseli nyingi ndiyo picha nzuri

Megapikseli ni hesabu ya nukta zinazounda picha, basi. Haisemi nukta hizo zimepata mwanga kiasi gani, wala lenzi iliyouleta mwanga huo ni ya namna gani. Kinachopokea mwanga ni sensa, na kwenye kamera ndogo nyingi sensa ni ya ukubwa unaoitwa 1/2.3, yaani upana wa milimita 6.2 hivi na kimo cha 4.6. Ni ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Ukubwa huo haubadiliki kamera ikiandikwa 10 au 20. Chukua kiwanja cha Mbagala, kikate vipande vinne badala ya viwili: hati zinaongezeka, ardhi ni ile ile. Kila pikseli inabaki na eneo dogo zaidi la kupokea mwanga, na mwanga ukiwa haba, ndani ya ukumbi au barazani jioni, kamera inalazimika kuikuza ishara iliyo dhaifu. Hapo ndipo zinapotokea zile chembechembe za rangi kwenye sehemu za giza. Kamera inazifuta kwa programu yake ya ndani, na katika kuzifuta inafuta na vitu vya kweli.

Majuzi dada mmoja wa Sinza aliniletea picha za sendofu ya mdogo wake, zimepigwa kwa kamera ya megapikseli 20. Kwenye kioo cha kamera zilipendeza. Tulipozifungua kwenye kompyuta na kuzikuza, nywele za binti, zilizosukwa nyembamba na mtu aliyekesha akizisuka, zilikuwa zimeungana zikawa bamba moja jeusi. Shanga za gauni zilikuwa madoa. Kope hazikuwepo. Nukta milioni 20 zilikuwepo zote, kilichokosekana ni kitu cha kuonekana ndani yake.

Watengenezaji wenyewe wanalijua hili. Mwaka 2008 Canon walitoa PowerShot G10 yenye megapikseli 14.7. Mwaka uliofuata wakatoa G11 yenye sensa ya ukubwa ule ule, 1/1.7, wakashuka kwa makusudi hadi megapikseli 10 ili picha za mwanga hafifu ziwe safi zaidi. Kampuni yenye uwezo wa kuandika namba kubwa iliamua kuandika ndogo. Huwa nawaeleza wateja habari hii, wengine wananitazama kana kwamba nataka kuwatolea mzigo uliokwama.

Hata kwa hesabu tupu, kutoka 10 kwenda 20 hakukuongezei ukali maradufu. Picha ya megapikseli 10 ina pikseli 3648 hivi kwa upana, ya 20 ina 5184. Ongezeko ni mara 1.4 kila upande. Na lenzi nayo ina mpaka wake. Kwenye sensa ya 1/2.3 yenye megapikseli 20, pikseli moja ina upana wa maikromita 1.2 tu. Ukivuta zumu mpaka mwisho, uwazi wa lenzi unabana, na kwa asili ya mwanga wenyewe nukta ya mwanga inayopita kwenye uwazi huo hutawanyika ikafunika pikseli kadhaa kwa pamoja. Hakuna kioo, hata kiwe safi namna gani, kinachoikwepa sheria hiyo.

Halafu, unazitaka za nini? Picha ya albamu, inchi 4 kwa 6, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, inahitaji megapikseli 2 na ushei. Ya A4 ya kutundika sebuleni inahitaji karibu 9. Televisheni ya 4K inaonyesha 8 na kidogo. Ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida, inapunguzwa kabla haijamfikia mwenzio. Kamera ya megapikseli 10 yenye lenzi nzuri inakutosha kwa picha za nyumbani, safari na watoto, na chenji inabaki.

Wanaonitia uchungu zaidi ni wanaoingizwa mjini na zile kamera nyepesi za boksi linalong'aa: megapikseli 48, 4K, zumu mara 16, bei ya kushangaza. Nikizifungua nakuta sensa ya kiwango cha simu ya bei ya chini na lenzi isiyosogea. Sensa yenyewe inapiga pikseli chache mno kuliko hizo, zilizobaki zinatungwa na programu kwa kukisia rangi zilizo katikati. Faili linakuwa zito, linajaza kadi, na ndani hakuna kilichoongezeka. Mara nyingi aliyenunua ni mzazi aliyedunduliza ili mwanawe aliye chuoni ajifunze kupiga picha. Kuzitambua si kazi. Ukiwasha, lenzi haitoki nje, na mahali pa flashi pana kitaa cha LED badala ya kile kidirisha cha mstatili chenye bomba la xenoni, gesi inayotoa ule mwako mkali wa flashi. Kamera halisi za kuingia majini nazo hazitoi lenzi nje, lakini flashi yake ni ya xenoni na zumu yake inafanya kazi kwa ndani.

Kwa hiyo achana na stika, soma pete ya mbele ya lenzi. Utakuta kitu cha namna hii: 5.0-25.0mm 1:2.8-5.9. Gawa 25 kwa 5, unapata zumu halisi, mara 5. Namba ya kwanza kabisa inakudokezea ukubwa wa sensa: ikiwa 4 au 5, kwa kawaida sensa ni ile ndogo. Ikianzia 8 hadi 10, kuna uwezekano mkubwa ni ile inayoitwa ya inchi 1, yenye milimita 13.2 kwa 8.8, eneo lake mara nne ya ile ndogo. Sony RX100 ya mwaka 2012 ni ya kundi hilo, lenzi yake inaanzia 10.4mm kwenda 37.1mm. Namba zinazofuata 1: ni uwazi wa lenzi, na namba ndogo ndiyo bora. Lenzi ya 1.8 inaingiza mwanga zaidi ya mara mbili ya lenzi ya 2.8. Ile namba ya mwisho, 5.9 kwenye mfano wetu, inakwambia kuwa ukivuta zumu yote unapoteza mwanga zaidi ya mara nne. Pete hiyo imekueleza kamera yako kuliko boksi zima.

Ukishaisoma, fanya jaribio la khanga. Kariakoo khanga hazikosekani. Simama hatua kama kumi kutoka kwenye duka, zima flashi, piga khanga iliyotundikwa ndani kivulini. Ikuze picha kwenye kioo. Jina la khanga linasomeka? Vidoto vya pindo vinaonekana kimoja kimoja au vimeyeyuka? Kwenye nyekundu unaona mikunjo ya kitambaa au rangi imelala tu? Vuta zumu mpaka mwisho, rudia, safari hii kagua pembe zote nne, maana kamera iliyowahi kuanguka huwa na ukali upande mmoja na ukungu upande wa pili. Iwashe na kuizima mara kadhaa huku umeisogeza sikioni. Mlio wa kukwaruza ni mchanga ndani ya mitambo ya lenzi, na hiyo utanirudia nayo mapema. Muuzaji akikukatalia majaribio haya anataka kukuuzia mbuzi kwenye gunia. Ondoka, maduka ni mengi.

Dhana: Flashi ni ya usiku

Hii nayo inaniudhi, kwa sababu inaharibu nyuso zetu. Kamera hupima mwanga wa eneo lote na kulenga wastani wa kijivu. Msimamishe mtu mwenye ngozi nyeusi pale Coco Beach saa saba mchana, bahari inang'aa nyuma yake: kamera inaona mwanga umezidi, inaupunguza, uso unabaki kivuli. Mtu anaondoka akisema yeye hatoki vizuri kwenye picha. Anatoka vizuri sana, kamera ndiyo haikuambiwa imtazame yeye. Washa flashi kwa lazima, ile alama ya radi isiyo na herufi A, na usimame ndani ya mita 2. Au tafuta alama ya +/-, ile ya kuongeza na kupunguza mwangaza wa picha, na upandishe hadi +0.7 au +1. Fanya hivyo chini ya mwembe, fanya hivyo mtu akiwa amevaa kanzu nyeupe au kofia yenye ukingo. Mimi naiacha flashi ikiwa imewashwa kila ninapopiga watu mchana.

Usiku ukumbini mambo yanageuka. Flashi ya kamera ndogo inafika mita 3 au 4 hivi, na umbali ukiongezeka maradufu mwanga unaofika unabaki robo. Ukimpiga bibi harusi jukwaani kutoka meza za nyuma, umemulika migongo ya wageni tu. Sogea mbele, au zima flashi, egemeza kamera kwenye kiti na utumie taa za ukumbi.

Dhana: Zumu mara 16 ni zumu mara 16

Zumu ya kioo inasogeza vipande vya lenzi. Zumu ya dijitali inakata katikati ya picha na kuikuza, kazi ambayo ungeweza kuifanya nyumbani baadaye. Izime kwenye menyu siku ile ile unayonunua kamera.

Dhana: Simu imeshaua kamera ndogo

Nusu ni kweli. Simu nzuri ya miaka ya karibuni inaishinda kamera ndogo ya bei ya chini kwa picha za kawaida, na anayeniuliza namwambia abaki na simu yake. Kamera inapata kazi pale unapotaka zumu ya kioo, flashi ya xenoni, au sensa ya inchi 1. Ikiwa haina hata kimoja kati ya hivyo, usiinunue.

Dhana: Za zamani zenye CCD zina rangi za pekee

CCD ni aina ya sensa ya kamera za zamani, na vijana wa vyuo wanazitafuta kwa udi na uvumba. Rangi wanazozipenda zinatokana zaidi na namna kamera inavyoichakata picha, na flashi ya xenoni iliyopigwa kwa karibu. Ukizipenda nunua, lakini usiongeze hela kwa ajili ya herufi tatu. Uliza kwanza kama betri yake bado inapatikana, na uitazame isiwe imevimba.

Dhana: Kadi kubwa ndiyo bora

Kamera nyingi za kabla ya 2010 zinaishia kwenye kadi za aina ya SDHC, ambazo mwisho wake ni GB 32. Ukizipa kadi ya GB 64 zinaandika kosa, na mwenyewe anazileta kwangu zikatengenezwe wakati hazina ugonjwa wowote. Nyingine za zamani zaidi zinaishia GB 2. Kadi mpya ijaze picha zote mpaka mwisho na uzifungue kabla hujaiamini, kwa sababu bandia zimejaa mitaani. Ifomati ndani ya kamera yenyewe.

Dhana: Kuifungia kabatini ndiyo kuitunza

Jiji letu lina unyevu wa bahari mwaka mzima, na masika unazidi. Kamera iliyolala miezi ndani ya mkoba wa ngozi, gizani, bila hewa, ndiyo inayoota ukungu kwenye lenzi. Nikimulika tochi naona nyuzi nyeupe zinazosambaa kutoka ukingoni kwenda katikati. Itumie kamera yako. Isipotumika, iweke kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja ndani ya viatu na vifaa vipya, na uvibadilishe vikishalowana. Ukitoka Kigamboni au Coco, pangusa mchanga kwa brashi laini kuzunguka lenzi ikiwa bado iko nje, ndipo uizime. Ukiona nyuzi zimeanza, ilete mapema. Zikishakula ule utando ulio juu ya kioo, kusafisha kunaondoa ukungu, lakini alama zake hazitoki tena.