Betri ya daftari la kielektroniki la breli: yanayosemwa na ukweli wake

"Ngoja chaji iishe kabisa ndipo uchomeke."

Ushauri huu uliwahi kuwa na maana. Braille 'n Speak, daftari la zamani la aina hii (kompyuta ndogo ya asiyeona yenye vitufe vya breli), ilipotoka mwaka 1987, betri za lithiamu-ioni zilikuwa hazijaanza kuuzwa. Ziliingia sokoni mwaka 1991. Betri za nikeli na kadimi za zama zile zilihitaji kumalizwa mara kwa mara. Madaftari ya sasa, BrailleNote Touch na BrailleSense yakiwemo, yana betri za lithiamu, na lithiamu inataka kinyume chake. Seli moja ikijaa huwa na volti 4.2 hivi, ikiisha hukaribia 3. Ikiachwa wiki kadhaa chini ya hapo, kemikali zake huharibika, na saketi ya kinga inaweza kukataa kabisa kuichaji tena. Ndiyo maana daftari lililosahauliwa kabatini likiwa limezimika kwa kukosa chaji mara nyingi haliamki.

Chomeka likifika asilimia 20 au 30. Hakuna ubaya kulichaji kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Kuna hali moja tu inayoruhusu kulishusha sana: kipimo cha chaji kinapoanza kudanganya, mathalani kinasema 35 kisha daftari linazimika ghafla. Hapo lijaze, litumie hadi lionye kwamba chaji inakwisha, kisha lijaze tena bila kukatisha. Zoezi hilo hurekebisha hesabu ya kipimo, wala haliongezi nguvu ya betri. Kama kipimo kinaendelea kuruka baada ya hapo, betri imechoka.

"Betri mpya ichajiwe saa 24 kwanza."

Si lazima. Ikijaa, imejaa.

"Kuliacha kwenye umeme usiku kucha kunalipua betri."

Saketi ya kuchaji hukata mkondo betri ikijaa. Linalozeesha betri ni joto, hasa likikutana na asilimia 100 kwa muda mrefu. Kwa hiyo usilichaji chini ya mto, ndani ya mkoba wa ngozi uliofungwa, au juani. Liweke juu ya meza, mfuniko wa mkoba ukiwa wazi.

"Nukta ndizo zinazokula chaji."

Wengi huzima mstari wa breli, yaani safu ya nukta zinazoinuka ili zisomwe kwa vidole, na kubaki na sauti peke yake wakidhani wanaokoa betri, na hivyo kujinyima kusoma bila sababu. Kila nukta huinuliwa na kijiti chembamba cha kauri kinachojipinda kikipewa umeme. Volti zake ni nyingi, karibu 200, lakini mkondo ni mdogo mno, na nukta ikishasimama karibu haitumii kitu. Walaji wakubwa ni Wi-Fi, GPS, sauti ya juu kwenye spika, na skrini kwa madaftari yaliyo nayo. Msomaji wa vidole hahitaji skrini. Iwashe tu mwalimu au mwenzako anayeona anapotaka kusoma, kisha izime.

"Nimebonyeza kitufe, basi limezimika."

Kwa madaftari mengi, kubonyeza kidogo hulilaza tu. Likilala huendelea kula chaji kidogo kidogo, na vitufe vikibanwa ndani ya begi linaweza kuamka lenyewe. Funga vitufe kabla ya kulitia begini. Kama hulitumii hadi kesho kutwa, lizime kabisa kupitia menyu.

"Chaja yoyote inayoingia inafaa."

Hili ndilo kosa la gharama kubwa zaidi. Vichwa vya mviringo hufanana kwa vidole lakini hutofautiana kwa volti, na hata upande wa chanya na hasi hugeuka. Mpe anayeona, au programu ya simu inayosoma maandishi, akusomee kibandiko cha chaja. Kisha bandika juu yake utepe wa breli wenye jina la kifaa na volti zake.

Kwa USB hatari ni ndogo, ila kuna kusubiri. Tundu la USB 2.0 la kompyuta hutoa kwa kawaida ampea 0.5, hivyo betri ya mAh 5000 (miliampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri) ingehitaji zaidi ya saa 10, na huenda isijae kamwe ukiwa unaandika. Chaja ya ampea 2 hufupisha muda huo sana, mradi daftari lenyewe linaupokea mkondo huo.

Taa ya kuchaji haikusaidii, basi usiiamini kimya kimya. Ukishachomeka, uliza hali ya betri kwa amri ya daftari lako na uhakikishe linasema limeunganishwa na umeme. Baada ya nusu saa uliza tena. Asilimia isipopanda, badilisha waya kwanza. Waya ndio huanza kuchoka.

"Betri ikivimba, ibonyeze irudi."

Usithubutu. Uvimbe ni gesi iliyojaa ndani, na ukiitoboa inaweza kuwaka. Vidole hugundua mapema: daftari linayumba mezani, mfuniko wa betri haukai sawa, au vitufe vya katikati vimekuwa vigumu. Acha kuchaji, lizime, na umpe fundi. Betri hiyo haitupwi na takataka za nyumbani.

"Chaji ikiisha, maandishi yote yamepotea."

Ilikuwa hivyo kwa vifaa vya zamani vilivyotunza kazi kwenye kumbukumbu inayohitaji umeme wakati wote. Sasa mafaili hukaa kwenye flashi, kumbukumbu isiyohitaji umeme ili kuyatunza. Kinachopotea ni ulichoandika bila kuhifadhi, na faili lililokuwa wazi laweza kuharibika. Kwa sababu hiyo, daftari likiganda, usikimbilie kuchomoa betri: jaribu kwanza kuliwasha upya kwa njia iliyo kwenye mwongozo wake.

"Likiwekwa akiba, liwekwe limejaa."

Liache kwenye asilimia 50 hivi, limezimwa kabisa, mahali pakavu pasipo joto. Kila baada ya miezi mitatu liwashe, uliza asilimia, na ulirudishe kwenye 50 kama imeshuka.