Warsha ya sanaa kwenye mikoko si pikiniki

Wazazi wengi wa pwani wakisikia watoto wamepelekwa kwenye mikoko kuchora na kutunga hadithi, husema: huko ni kupoteza muda, kipaji mtu huzaliwa nacho. Sivyo. Kinachofundishwa pale ni kutazama, na kutazama hufundishika.

Chukua mchu, mmoja wa miti ya mikoko. Mtoto aliyeuona kwa mbali atachora shina la kahawia na kichwa cha kijani, kama mti wa kwenye kitabu. Mkalishe chini yake maji yamekupwa: ataona mizizi imechomoza topeni kama penseli, ikivuta hewa. Akilamba jani atakuta chumvi, maana mti huu huitoa kupitia majani. Sasa ana la kusema.

“Kitendawili!”

“Tega!”

“Babu yangu anapumulia miguu.”

Fasihi imeshaanza, na hakuna aliyenunua rangi. Mkaa na tope vinatosha (nguo zitachafuka, kubalini tu).

Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, mtoto arudishwe alasiri, maji yamejaa. Penseli zote zimezama, mchoro wa asubuhi umekuwa uongo. Mwalimu asiusahihishe. Aulize tu: samaki sasa wanapita wapi?