Je, wajua? Si ukubwa wa mashine unaompa mkaguzi wa mionzi kazi

Muulize mtu yeyote anayepita Bandari ya Dar es Salaam ni kipi cha kuogopa zaidi kwa mionzi: skana inayopitisha lori zima na kontena lake, au kisanduku cha kilo 25 hivi ambacho fundi amekipakia kwenye pikapu akienda kukagua viungo vya bomba Kigamboni. Atajibu skana. Ni kubwa, ina uzio, ina taa za onyo. Ndilo jibu ambalo wengi wetu tulianza nalo, na limekaa kichwa chini miguu juu.

Skana nyingi za makontena hutengeneza eksirei kwa umeme, kama mashine ya hospitali. Chukulia ni pasi ya umeme. TANESCO wakikata, inapoa, na mwizi akiibeba hakubeba moto. Eksirei haibaki ukutani, haigandi kwenye nguo, wala haimsubiri mgonjwa anayefuata. Swichi ikizimwa, imekwisha kama mwanga wa taa. (Usiape, lakini: mashine zenye nguvu kubwa sana huweza kuacha mionzi kidogo kwenye vyuma vyake kwa muda mfupi, na zipo skana zinazotumia kobalti, metali inayotoa mionzi yenyewe, badala ya umeme.) Kisanduku cha fundi ni pasi ya mkaa. Kaa limo ndani na halina swichi. Linawaka kazini, linawaka stoo, linawaka pikapu ikiwa kwenye foleni ya kivuko. Kinachowatenga watu na moto huo ni ganda la pasi tu.

Kaa lenyewe ni iridiamu-192, metali inayotoa mionzi yenyewe, kipande kisichofikia punje ya hindi, kimefungwa ndani ya kapsuli ya chuma na kuzungushiwa urani iliyopunguzwa nguvu, ambayo ni nzito kuliko madini ya risasi. Fundi huzungusha mkono wa winchi akiwa mbali, waya unaisukuma kapsuli nje kupitia mrija hadi kwenye kiungo kilicholehemiwa, filamu inapata picha, kisha anaizungusha kurudi. Kasoro hutokea pale kapsuli ilipofungwa vibaya kwenye waya, au mrija ulipobonyea. Waya unarudi, winchi inagota kama kawaida, fundi anaamini kazi imekwisha, na kapsuli iko chini kwenye mchanga. Ndiyo maana kila baada ya picha anatakiwa kukaribia akiwa na kipima mionzi mkononi, akipime kisanduku na mrija wote hadi mwisho. Kuona waya umerudi hakutoshi.

Kapsuli mpya huwa na takriban terabekereli 3.7, kipimo cha nguvu ya chanzo chenyewe. Mita moja kutoka hapo, mionzi inayompata mtu, ambayo hupimwa kwa milisivati, ni kama 480 kwa saa. Kikomo cha raia wa kawaida ni milisivati 1 kwa mwaka mzima. Pale anakimaliza kwa sekunde saba na nusu.

Hapa nchini mwenye jukumu la kusimamia vyanzo hivi vya mionzi ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, chini ya Sheria Na. 7 ya 2003. Wakaguzi hawawezi kuwa kila mahali, kwa hiyo swali ni waanze wapi.

Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, limepanga vyanzo katika makundi matano kwa hesabu moja ya kugawanya, na hesabu hiyo ni tamu kuliko inavyoonekana. Fikiria pilipili. Kilo nzima ya hoho haimlizi mtu, pilipili kichaa tatu zinatosha. Basi kila aina ya chanzo imepewa kiwango chake cha kuliza: kiasi ambacho, kikitoka mikononi mwa wenyewe, kinaweza kumjeruhi mtu vibaya. Iridiamu-192 ni terabekereli 0.08, seziamu-137 ni 0.1, kobalti-60 ni 0.03. Chukua ulicho nacho, gawa kwa kiwango hicho. Ukipata 1,000 au zaidi, ni kundi la 1, waliko vigogo kama mashine za kobalti za kutibu saratani. Kuanzia 10 ni kundi la 2, kuanzia 1 ni la 3, kuanzia 0.01 ni la 4, chini ya hapo la 5.

Kisanduku chetu: 3.7 gawa kwa 0.08, unapata 46. Kundi la 2. Sasa kile kisanduku cha njano ambacho mafundi wa barabara hukiweka juu ya kifusi kilichoshindiliwa kupima kama kimekaza. Ndani kina seziamu na amerisiamu kidogo, na hesabu inatoa kama 0.03. Kundi la 4. Vyote viwili vinabebwa kwa mkono, vyote vina alama ya mionzi, ila kimoja kinakizidi kingine zaidi ya mara elfu. Kuvikagua kwa uzito sawa ni kupoteza mafuta ya gari. Miongozo ya IAEA imependekeza takriban mwaka mmoja kati ya ukaguzi na ukaguzi kwa wapiga picha wa viwandani, yaani mafundi kama yule wa pikapu, na miaka mitano hivi kwa eksirei ya meno.

Peru mwaka 1999, huko Yanango, mlehemu aliokota kapsuli ya iridiamu akaitia mfukoni mwa suruali. Ilikuwa na terabekereli 1.37, yaani 17 kwa hesabu yetu. Alikatwa mguu.

Kundi la 4 lisichukuliwe kama ruhusa ya kuchezea. Hesabu hii inaangalia majeraha makubwa, si saratani ya miaka ya mbele, na chini ya milisivati 100 hivi ushahidi wa saratani kwa binadamu ni mwembamba kiasi kwamba ni vigumu kuutenganisha na saratani za kawaida. Wala haipimi gharama. Januari 2023 kapsuli ya seziamu ya milimita 8 kwa 6 ilidondoka kutoka kwenye lori Australia Magharibi, safari ya kilomita 1,400. Hesabu yake ni 0.19, kundi la 4, na bado waliipekua barabara hiyo hadi ikapatikana Februari 1.

Dar njia ya kukutana na kitu kama hiki ni skrepa. Ganda la urani au risasi ni zito, na kwenye mizani uzito ndio pesa. Alama ya zamani ya mionzi, ile ya njano yenye mapanga matatu, haisaidii sana, maana asiyeijua anaona pangaboi. Mwaka 2007 ikaongezwa nyingine, pembetatu nyekundu yenye fuvu, mawimbi ya mionzi na mtu anayekimbia, na kwa makusudi hubandikwa ndani, kwenye ganda la chanzo, ili aione yule aliyekwisha kuanza kufungua. Akiiona, aache kila kitu kilipo, asogeze watu angalau mita 30, apige simu polisi, na asiweke kitu mfukoni.