Sindano Haitengenezi Mayai: Dhana Potofu Kuhusu Kukomaa kwa Mayai ya Samaki

Wafugaji wengi wapya wa kambale huamini kwamba sindano ya homoni anayodungwa jike ndiyo inayotengeneza mayai. Dhana hiyo ina gharama, kwa sababu jike asiyekuwa tayari hudungwa bure na kukamuliwa (kubanwa tumbo ili mayai yatoke) bila kutoa kitu. Ukweli ni kwamba mayai hujengwa muda mrefu kabla ya sindano: homoni ya estradioli kutoka kwenye ovari hulichochea ini litengeneze vitelojenini, protini inayosafirishwa na damu hadi kwenye mayai machanga, ambako huwekwa kuwa akiba ya chakula cha kiinitete. Sindano huanzisha hatua ya mwisho tu, na pasipo akiba hiyo hakuna cha kukomazwa.

Wengine hudhani kwamba yai lililofikia ukubwa wake limekomaa. Sivyo, kwani yai hilo bado limesimama mwanzoni mwa meiosisi, yaani mgawanyiko wa seli unaopunguza kromosomu kuwa nusu. Yachukue mayai machache kwa mrija mwembamba, uyatie katika mchanganyiko wa spiriti, fomalini na asidi ya asetiki. Baada ya dakika chache huwa angavu, na kiini cha seli huonekana. Kikiwa katikati, subiri. Kikiwa kimesogea ukingoni, yai liko karibu kuitikia ishara ya homoni, nayo ikifika, utando wa kiini huvunjika na mgawanyiko huendelea.

Dhana inayonisumbua zaidi, kwa kuwa hurudiwa hata na watu waliosoma, ni kwamba homoni ya tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, huligusa yai lenyewe. Homoni hiyo, LH, hupokelewa na seli zinazolizunguka yai. Katika salmoni wa Japani aitwaye amago, tabaka la nje la seli hizo hutengeneza malighafi, na tabaka la ndani huigeuza kuwa steroidi, aina ya homoni, ambayo watafiti Nagahama na Adachi waliitambua mwaka 1985 kuwa ndiyo inayokomaza yai. Steroidi hiyo nayo haifanyi kazi kwa njia iliyozoeleka ya kuingia ndani na kuwasha jeni. Ilipodungwa ndani ya yai, haikulikomaza. Ilipowekwa nje, ilifaulu, maana vipokezi vyake viko juu ya utando. Katika samaki wa dhahabu, ishara hiyo huliwezesha yai kutengeneza protini iitwayo saiklini B kutokana na maelekezo yaliyokwisha kuhifadhiwa humo, na protini hiyo huungana na kimeng'enya kilichokuwa kikiisubiri ili kuvunja utando wa kiini.

Si kweli pia kwamba jike asiyetaga bwawani ni tasa. Mara nyingi mayai yake yamejaa, ila ubongo, kupitia kemikali yake iitwayo dopamini, huizuia pituitari kuachilia LH ya kutosha. Ndiyo maana baadhi ya dawa za sindano huchanganya homoni ya kuichochea pituitari na domperidoni, dawa ambayo huondoa kizuizi hicho.

Tena, kuongeza dozi hakuchukui nafasi ya kupima joto la maji. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, kambale hukamuliwa baada ya muda wa takriban saa 11 tangu sindano. Katika nyuzi 20, muda huo hukaribia kuwa maradufu. Anayewahi hukuta mayai hayajaachiliwa, na anayechelewa sana huyakuta yamepoteza uwezo wa kurutubishwa.