Kublokiwa Lichess sio kufungiwa akaunti

Juzi usiku mdogo wangu kanitumia meseji anahaha, "kaka akaunti yangu imefungwa", kumbe kuna jamaa kambloki tu kule Lichess, ule mtandao wa kucheza chesi bure, baada ya kupigwa mechi tatu mfululizo. Jamani hivi ni vitu viwili tofauti. Kublokiwa ni uamuzi wa mchezaji mmoja, kufungiwa ni kazi ya wasimamizi wenyewe, na mtu akikubloki haimaanishi kakuripoti, kuripoti kuna batani yake. Reting yako, yaani pointi za kiwango chako cha uchezaji, haiguswi hata pointi moja. Kinachobadilika ni kwamba huwezi kumtumia meseji wala chalenji na mfumo hauwakutanishi tena kwenye mechi za kawaida, ila kwenye mashindano mnaweza kupangwa pamoja vizuri tu, hapo ndo wengi wanashangaa. Na gemu zake bado unaziangalia maana kule mechi ziko wazi kwa kila mtu. Dogo nikamwambia bonyeza 3+2 (mechi ya dakika tatu kila mmoja, na sekunde mbili za nyongeza kila hatua) sasa hivi, sekunde chache kapata mpinzani, kasukuma kitunda chake, ile kete ndogo ya mbele, hadi mraba wa e4 mchezo ukaendelea.