Caruso hakuzaliwa na noti za juu

Hunijia kijana wa sauti ya tatu, mishipa ya shingo imemtoka kama kamba za jahazi, akitaka nimfundishe "kupanda". Kwenye kwaya yao anasifiwa kwa sababu anasikika hadi nje ya kanisa. Mimi ninachosikia ni koo linaloungua. Kabla sijafungua kinanda humsimulia habari za Enrico Caruso, tenori (mwanamume wa sauti ya juu, hiyohiyo sauti ya tatu) ambaye wengi hudhani alishushwa na sauti yake kutoka mbinguni.

Alizaliwa Naples, Italia, tarehe 25 Februari 1873, mtoto wa fundi mitambo. (Ile hadithi kwamba alikuwa mtoto wa 18 kati ya 21 ipuuzeni.) Alipopelekwa kwa mwalimu Guglielmo Vergine, mzee huyo hakuona cha kumsisimua, aliifananisha sauti yake na upepo unaopenya dirishani. Hata hivyo alimpokea kwa mkataba: robo ya mapato ya miaka mitano ya kuimba. Kumbe siku zinazohesabiwa ni zile za kupanda jukwaani tu, kwa hiyo miaka hiyo mitano ingeweza kumfuata hadi uzeeni. Wakafikishana mahakamani. Wasanii wetu mnaosaini kabla ya kusoma, mpo?

Jukwaani alipanda mara ya kwanza mwaka 1895, na katika miaka ile ya mwanzo sauti ilikuwa ikimkatikia juu, mbele za watu. Hapo ndipo penye kazi yangu.

Sauti ya mwanamume ina bara mbili, na katikati pana kivuko. Si cha Kigamboni, ingawa foleni yake huchosha vilevile. Kwa tenori kivuko hicho kiko kwenye mi, fa na fa kali zilizo juu ya do ya katikati ya kinanda. Chini ya hapo unaimba karibu kama unavyozungumza. Ukilazimisha kuvuka kwa mtindo uleule, zoloto (kile kisanduku cha sauti shingoni) linapanda, koo linabana, na kinachotoka ni ukelele au sauti iliyopasuka. Ukiongeza nguvu unaongeza tatizo. Dawa ni kuliacha zoloto litulie, pumzi ishikiliwe na mbavu na tumbo badala ya koo, na irabu izungushwe kidogo: "a" ielekee "o". Mwimbaji mwenyewe huhisi kama anatamka vibaya, lakini aliyekaa nyuma ukumbini husikia "a" safi. Zoezi lenyewe ni dogo hadi linaudhi: noti tano, taratibu, nusu sauti, kila siku, kwa miezi.

Caruso alisaidiwa kuvuka na kondakta Vincenzo Lombardi. Na hata alipokuwa maarufu, ile do ya juu hakuizoea. Wimbo wa Rodolfo, mhusika wa tenori katika La bohème, opera (mchezo wa jukwaani unaoimbwa) ya Puccini, aliushusha nusu toni aliporekodi mwaka 1906. Namtaja kwa makusudi kwa ajili ya walimu wa kwaya wanaoona kushusha ufunguo ni aibu, huku tenori wao wanakohoa hadi Jumatano.

Mwaka 1900 aliingia La Scala, jumba la opera la Milan. Tarehe 11 Aprili 1902, katika chumba cha hoteli mjini humo, Fred Gaisberg wa Gramophone Company alimrekodi nyimbo kumi kwa pauni 100. Wakubwa wa London waliona bei hiyo ni wazimu. Hapakuwa na kipaza sauti; uliimbia ndani ya pembe kubwa la bati, na pembe hilo lilikuwa na upendeleo. Besi nzito liliipoteza, soprano ikawa nyembamba kama uzi. Sauti ya Caruso, yenye kiza na unene wa katikati, ilitoka nzima. Kampuni hiyohiyo, yenye nembo ya mbwa anayesikiliza santuri, ndiyo iliyokuja kumrekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928, na wakati huo umeme ulikuwa umeshachukua nafasi ya pembe.

Tarehe 23 Novemba 1903 alianza Metropolitan Opera, New York, na akaimba na jumba hilo zaidi ya mara 800. Hesabu hiyo peke yake ingemchosha mtu yeyote. Yeye juu yake aliweka sigara, moja baada ya nyingine. Mwaka 1909 alitolewa kinundu kwenye nyuzi za sauti. Desemba 1920, akiimba Brooklyn, alianza kutoka damu kooni huku anaendelea, leso moja baada ya nyingine, hadi onyesho likasimamishwa. Mkesha wa Krismasi mwaka huo aliimba mara ya mwisho. Utando wa mapafu ulikuwa umeoza kwa usaha. Alipasuliwa mara kadhaa, akarudi Italia, akafariki Naples tarehe 2 Agosti 1921, akiwa na miaka 48.

Kuna rekodi moja ambayo huwapigia wanafunzi bila kuwaambia chochote. Desemba 1913, mjini Philadelphia, kwenye La bohème, besi aliyekuwa anaimba nafasi ya Colline, rafiki wa Rodolfo, alikaukiwa sauti. Kuna wimbo mfupi ambao Colline anaaga koti lake kuukuu kabla ya kuliuza. Caruso, aliyekuwa Rodolfo usiku huo, aliuimba badala yake akiwageuzia watazamaji mgongo. Mwaka 1916 aliurekodi, kwa ajili ya marafiki tu.

Naweka rekodi hiyo, kijana anasikiliza, shingo imetulia kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Besi wa wapi huyu, mwalimu?"