Si kutu inayoleta pepopunda

Mtoto anapochomwa na msumari, wazazi wengi hutazama kwanza kama una kutu, na wakiukuta unang'aa hutulia, wakiamini kwamba kutu ndiyo iletayo pepopunda. Ugonjwa huo husababishwa na bakteria ambao mbegu zao huishi kwenye udongo na kinyesi cha mifugo, kwa hiyo hata mwiba au msumari mpya uliodondoka zizini unaweza kuzipenyeza mwilini. Bakteria hao hustawi pasipo oksijeni, na ndiyo maana kitundu chembamba chenye kina, ambacho pengine hakikutoa hata tone la damu, ni cha kuhofiwa kuliko mkwaruzo mpana.

Osha jeraha kwa sabuni na maji safi yanayotiririka kwa dakika 5 hivi. Mafuta ya taa na majivu visikaribie kabisa. Ncha ikibaki ndani, usiichokonoe, mpeleke hospitali. Kisha fungua kadi ya kliniki: chanjo ya pentavalenti (ya magonjwa matano kwa pamoja) ya wiki ya 6, 10 na 14 ina kinga ya pepopunda, lakini kinga hiyo hupungua, hivyo mtoto mwenye jeraha chafu ambaye hakukamilisha dozi, au aliyepata ya mwisho zaidi ya miaka 5 iliyopita, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.